Kulala Rungwe Mara Tatu Katikati ya Safari Ndefu ya Gari

Msafiri anayetoka Dar es Salaam na gari la kulala, iwe Hiace iliyotolewa viti vya nyuma ikawekewa godoro au Land Cruiser yenye hema juu ya keria, anafika Mbeya akiwa amemaliza zaidi ya kilomita 800 za lami. Vifundo vya miguu vimevimba, mgongo umekakamaa, na masikio bado yanavuma ingawa injini imezimwa. Akilala hapo siku moja na kuondoka alfajiri, hajapumzika, amehamisha tu mahali pa kusinzia. Sisi tunaopita njia hii mara kwa mara tumeishia kwenye hesabu ya kulala mara tatu mahali pamoja. Siku ya kufika inamezwa na kupanga kambi, ya pili ni ya kupanda, ya tatu ndiyo ya kupumzika kweli.

Mahali tunapopapenda kuliko pengine pote nyanda za juu kusini ni Rungwe, kwenye barabara inayoachana na ile ya Tunduma pale Uyole na kushuka kuelekea Tukuyu na Kyela. Lami inakufikisha karibu kabisa na njia za miguu. Soko lipo, maji yapo, na matembezi mazuri hayazidi nusu siku. Mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960, unaweza kuutazama tu kutoka chini ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Kuupanda ni kazi ya siku nzima na haimo kwenye mpango wa mtu aliyechoka.

Kwanza, namna ya kufika. Usiendeshe Dar hadi Tukuyu kwa mkupuo. Iringa iko kama kilomita 500 kutoka Dar, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na kitu, na kulala pale kunausaidia mwili kuanza kuzoea hewa nyepesi na baridi. Kabla ya Iringa unaupanda mlima Kitonga, na hapo ndipo magari yaliyobeba maji, mitungi na magodoro yanapochemsha. Zima kiyoyozi tangu chini, shika gia ndogo mapema badala ya kusubiri injini ilie, na macho yasitoke kwenye mshale wa joto. Ukipanda juu ya kawaida, egesha pale palipo na nafasi halisi ya kuegesha, acha injini iungurume taratibu, fungua boneti, na kifuniko cha redieta usikiguse kabla hakijapoa. Wakati wa kurudi, kanuni ni ile ya madereva wa malori: gia unayopandia ndiyo unayoshukia.

Asubuhi ya Iringa inatosha matembezi mafupi ya kunyoosha miguu. Jiwe la Gangilonga liko mjini kwenyewe, na juu yake unauona mji wote. Isimila, kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, ina bonde la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale zimelala mahali zilipochimbuliwa miaka ya 1950. Nenda mapema, kwa sababu bondeni hakuna kivuli na saa tano jua limeshakuwa kali. Kisha ukifika Mafinga, simama kwenye mbao. Hapa ni nchi ya misitu ya Sao Hill, na vipande vinavyobaki baada ya kupasua vinauzwa kwa bei ndogo. Chukua vinne vya inchi 2 kwa 6, urefu wa sentimita 40 hivi. Vina kazi kubwa huko mbele.

Kazi yenyewe ni kulisawazisha gari. Kilalo cha gari kikiinama kidogo tu, usiku mzima mwili unajizuia usiteleze, na asubuhi unaamka na shingo iliyokaza bila kujua sababu. Pima kwa chupa ya maji iliyojaa nusu, ilaze sakafuni kwa urefu wa gari halafu kwa upana. Upana ndio muhimu zaidi, maana mwinamo wa urefu unaurekebisha kwa kuelekeza kichwa upande wa juu. Panga mbao mbele ya magurudumu ya upande ulio chini na uyapandishe polepole. Ubao mmoja unanyanyua sentimita 5, ambazo kwa gari la kawaida zinatosha kuondoa mwinamo unaousikia mgongoni. Ikihitajika mbao mbili juu ya nyingine, tafuta mahali pengine, kwa sababu zikilowa zinateleza. Weka mawe nyuma ya magurudumu, acha gia ya kwanza ikiwa imeingia, ndipo uvute hendibreki.

Uchaguzi wa mahali ni nusu ya mapumziko. Rungwe ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi kabisa nchini. Udongo wake ni wa volkano, mweusi na laini, unaozaa migomba, chai na parachichi, na kwa sababu hiyohiyo unameza magurudumu. Nyasi zilizokolea kijani katikati ya kiangazi zinaonyesha kuwa chini kuna maji. Kanyaga kwa kisigino kabla hujaingiza gari: kikizama zaidi ya upana wa vidole viwili, usiingie, hata kama kwa sasa pako pakavu. Egesha ukiwa umeelekeza pua kwenye njia ya kutokea, ili mvua ikinyesha usiku usilazimike kugeuza gari kwenye tope. Usilale chini ya mikaratusi. Miti hii huangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo, na kivuli chake hakistahili hatari hiyo.

Zipo nyumba za wageni na hosteli za makanisa zenye uwanja wa nyasi, na nyingi zinakubali gari likilipiwa kama chumba au pungufu. Hapo unapata choo, bomba na mlinzi, na kwa mtu anayefika mara ya kwanza tunashauri hivyo. Ukitaka kulala kwenye ardhi ya kijiji, pita kwanza ofisi ya kijiji kwa mtendaji au mwenyekiti, useme unakotoka, unakokwenda na utakaa siku ngapi. Mwenye shamba naye aulizwe, hata mtendaji akiwa amesharuhusu. Wazee waamkiwe kwa shikamoo kabla ya swali lolote, na ukijua kusema "ndaga" pale Mnyakyusa anapokupa kitu, uso unabadilika. Gari geni lisilojulikana na mtu linaleta maswali usiku, na hao wanaokuja kuuliza wana haki.

Fika kabla ya saa kumi jioni. Ukungu unashuka mapema, na kupanga kambi gizani ndiko kunakozaa makosa yote ya usiku.

Sasa baridi, ambayo watu wa pwani huidharau hadi wakutane nayo. Kwenye vijiji vya juu, upande wa Isongole, Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na unyevu unaifanya ichome zaidi. Kosa la kawaida ni kurundika blanketi juu na kusahau chini. Godoro la sponji likigandamizwa na mwili halizuii tena baridi inayotoka kwenye bati la gari. Tandika mkeka kwanza, juu yake blanketi zito lililokunjwa mara mbili, ndipo godoro. Kwenye hema la juu ya keria fanya vivyo hivyo, kwa kuwa upepo unapita chini ya ubao wake usiku kucha. Soksi kavu za kulalia zisitumike mchana kwa lolote.

Kosa la pili linaua. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari au hema, hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata kwa dakika chache za kupasha hewa. Mkaa unaowaka polepole hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala moshi. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na akishalala hana kitu cha kumwamsha. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Jiko la gesi nalo si la kupashia moto chumba cha kulala. Anayetaka joto ajaze maji ya moto kwenye chupa ngumu, aikaze, aivishe soksi na aiweke miguuni. Lita moja hukaa na uvuguvugu hadi usiku wa manane.

Hata bila jiko, usifunge vioo vyote. Pumzi za watu wawili usiku mmoja zinatoa maji mengi, yanayojikusanya kwenye vioo na bati kisha kudondokea matandiko. Usiku wa kwanza hutaona tatizo. Wa tatu, blanketi linanuka uvundo. Fungua upana wa vidole viwili kioo cha mbele kushoto na cha nyuma kulia, hewa ipite kwa kukatisha. Asubuhi futa vioo kwa kitambaa kabla jua halijavipasha, na jua likitoka hata nusu saa, magodoro yatoke nje.

Jikoni, mwinuko unabadilisha mapishi. Karibu mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanagoma na wali unabaki na kiini. Loweka maharage tangu usiku, funika sufuria na uweke jiwe juu ya kifuniko. Maji ya kunywa yaachwe yachemke kwa nguvu dakika 3. Vijito vya hapa ni vyeupe na baridi kiasi cha kukudanganya, na huko juu kuna ng'ombe. Watu wawili wabebe madumu mawili ya lita 20, yanatosha siku mbili za kunywa, kupika, kuosha na kujipangusa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake haufai kwenye nyasi zenye mabonde. Uweke juu ya ubao mmoja wa Mafinga, upake povu la sabuni kwenye maungio kila unapolifunga jiko, na ukiona mapovu yanakua, usiwashe.

Friji ya gari haina kazi kubwa hapa, na kuiwasha ndiko kunakoua betri. Betri ya risasi ya amp-saa 100 inakupa nusu yake tu bila kuumia, na friji inaweza kuimaliza hiyo nusu kwa siku moja au zaidi kidogo, huku sola iliyokuwa ikijaza vizuri Dodoma ikitoa sehemu ndogo tu chini ya mawingu ya Rungwe. Zima friji. Baridi ya usiku inatunza maziwa na siagi kwenye ndoo yenye kifuniko iliyowekwa kivulini. Kipimo cha betri kikionyesha volti 12.2 gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, acha kuchaji simu. Na gari likiwa na betri moja tu, taa za ndani ziwe za tochi.

Chakula hakisumbui. Viazi mviringo, ndizi za kupika, parachichi, kabichi, maziwa: vyote vinapatikana kando ya barabara hadi Tukuyu. Omba wakufundishe mbalaga, ndizi za Wanyakyusa, ni sufuria moja inayolisha watu wanne. Mchele utatoka Kyela, mbele yako.

Matembezi. Jioni ya kufika, baada ya kupanga kambi, tembea dakika 40 kwenye njia za mashamba ya chai au migomba, mwendo wa kupiga soga, na basi. Hiyo inashusha uvimbe wa miguu kuliko kulala.

Wengi huliweka Ziwa Ngosi, lililo ndani ya shimo la volkano juu ya mlima, mwisho kama zawadi. Sisi tunaliweka siku ya kwanza kamili, na tuna sababu mbili. Moja ni mawingu: kilele cha ukingo kikifunikwa siku hiyo, una siku nyingine ya kujaribu. Ya pili ni misuli. Mteremko wa kurudi ndio unaoumiza mapaja, na maumivu yake hayaji siku ileile, hukomaa siku moja hadi mbili baadaye. Ukipanda Ngosi leo na kesho ukaendesha gari la klachi, mguu wa kushoto utakukumbusha kila kona.

Njia inaachana na lami upande wa Isongole na kupita kati ya mashamba ya viazi hadi ukingoni mwa msitu. Kiangazi gari linafika karibu na msitu. Wakati wa mvua liache kijijini, kwa makubaliano na mtu wa kulitazama, utembee hicho kipande. Malipo ya hifadhi ya msitu yanakwenda kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo iombe na kuilipia ukiwa bado mahali penye mtandao. Chukua mwongoza njia wa pale na mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza. Njia za wakata kuni zinagawanyika, na ukungu ukishuka zote zinafanana.

Anza saa mbili asubuhi. Sehemu ya kwanza ni msitu mnene, mwinuko wa kawaida. Kisha mianzi inaanza na njia inasimama kama ngazi ya mizizi. Mtu asiye na haraka anafika ukingoni kwa saa moja na nusu hadi mbili. Vaa raba zenye meno au mabuti, si kandambili, na suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na majani yanayowasha. Fimbo njoo nayo, usikate mwanzi wa hifadhi. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, ndizi mbivu, na koti la mvua hata kama anga ni jeupe. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla, kwa maana kwenye mteremko zinagonga ncha ya kiatu hadi zinakufa.

Ukingo uko kwenye mita 2,600 hivi, na ziwa linaonekana chini kabisa, kijani ndani ya kuta za msitu. Ni kasoko, shimo la volkano iliyobomoka ndani. Kaa hapo. Usiondoke baada ya picha mbili, maana ukungu hufunga na kufunguka, na ziwa linapojitokeza tena baada ya robo saa ya weupe mtupu ndipo unapoelewa kwa nini watu wanarudi. Kuteremka hadi majini hatushauri. Kuta zimesimama wima, udongo unaporomoka, na ukiumia kule chini hakuna njia rahisi ya kukupandisha. Ukianza kupumua kwa shida au kichwa kikigonga, punguza mwendo, unywe maji, na kisipotulia shuka.

Wakati wa kushuka mianzini, geuka ubavu, piga hatua fupi na usishike mwanzi mkavu, unavunjika bila onyo. Wengi wanaoanguka huanguka nusu saa ya mwisho, miguu ikiwa imechoka na akili ikiwa imeshafika kwenye gari.

Siku inayofuata ni ya Daraja la Mungu. Lava ya zamani iliganda juu ya Mto Kiwira, maji yakatoboa chini yake, na mwamba ukabaki kama daraja. Gari linafika karibu, kwa hiyo kutembea pale ni kufupi kuliko watu wanavyodhani. Ukitaka miguu ilainike baada ya Ngosi, unganisha na Kijungu, kilomita chache kutoka pale, ambako mto mzima unajipenyeza kwenye tundu la mwamba. Njia ya huko inapita eneo la magereza. Jiandikishe getini, sema unakwenda wapi, na kamera ibaki mfukoni hadi uruhusiwe. Miamba ya mtoni ina ute usioonekana, hasa ile myeusi yenye kung'aa. Simama mita mbili kutoka ukingoni, watoto washikwe mkono. Kiwira haitoi nafasi ya pili kwa aliyetumbukia.

Mchana wa siku hiyo usiupangie kitu.

Watu hutuuliza kuhusu Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa mita 2,600 hivi, na kuanzia Desemba hadi Aprili maua yake, okidi zikiwemo, hayana mfano. Nenda, ila usiifanye kituo cha kupumzika. Mtu aliyetoka pwani juzi akilala mwinuko ule anaweza kukesha na kichwa kinachouma, na kuanzia Juni usiku una jalidi. Ifanye ziara ya mchana kupitia Isyonje, ukirudi kulala Rungwe. Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye kona zinazoitwa Hamsini na Saba, tusingeipanda na gari refu wakati wa mvua. Gari la dizeli likilala kule juu, asubuhi subiri taa ya hita izime, rudia mara mbili, ndipo upige stata.

Siku ya kuondoka, pima upepo wa matairi kabla gari halijatembea, likiwa bado la baridi. Toa mbao, zianike juu ya keria, jaza mashimo ya vigingi kwa kisigino. Taka zote ziondoke nawe hadi mjini. Kama ulichimba choo, kiwe kilikuwa hatua mia au zaidi kutoka kwenye kijito, na kifukiwe kabisa.

Ukiendelea kusini, kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inateremka karibu mita 1,000 kwenye umbali mfupi. Shuka kwa gia ya tatu, na ya pili kwenye kona kali, breki uziguse kwa vipindi badala ya kuziegemea. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha na uziache zipoe, usimwagie diski maji. Chupa tupu ulizofunga vizibo juu zitajikunja zenyewe njiani kwa shinikizo la hewa, na madumu ya mafuta ya kula yalegezwe vifuniko kidogo. Blanketi ziwekwe chini kabisa ya mizigo, shuka nyepesi juu. Kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utalala vioo vikiwa wazi vyote, huku neti ya mbu ikiwa imefungwa vizuri.